Viatu vya Kunyanyulia Chuma, na Miguu Nisiyotaka Ionekane

Mama Bilha, nakusalimu kutoka Kanduyi na naomba unisaidie bila kunicheka, kwa maana hii shida ukiiona kwa juu utasema ni ya viatu tu. Kwetu ni Kitale, nilikuja huku Bungoma kuangalia stoo ya mbegu ya mtu, na tangu nifike sina ndugu hapa, sina mtu wa kunywa chai naye, watu wa ploti ninapopanga wakiongea Kibukusu mimi natabasamu tu kisha naingia kwa nyumba nawasha redio ili kuwe na mtu anaongea. Mwaka huu nikajiunga na jimu moja ya mabati, vyuma vingine ni mikebe imejazwa simiti, na huko nikapata Nyongesa, fundi wa kuchomelea mageti, ndiye hutufunza sisi tunaoanza. Nikichuchumaa na chuma mabegani yeye husimama nyuma yangu, nikishindwa ananishika, na nikuambie ukweli, hakuna mtu mwingine amenigusa tangu Wangui, bibi yangu, arudi kwao.

Nilienda Chwele sokoni nikachagua raba za mtumba za kukimbia, soli nene, laini kama godoro, muuzaji akaniapia ati hizo ndizo za mazoezi, na bei ilikuwa nzuri. Kumbe ukiwa na chuma mabegani zinabonyea upande, nikayumba, nikaanguka mbele, chuma karibu kimponde Nyongesa mguu. Hakukasirika. Alisema tu, "Usiharibu pesa kwa viatu, Muturi. Kesho nyanyua miguu mitupu kama sisi wengine."

Mimi siwezi, Mama Bilha. Nilikulia Kipsongo, mtaa wa mabanda huko Kitale, kwa nyumba ya sakafu ya udongo, funza wakanila vidole nikiwa mdogo, vingine vilipinda na kucha hazikuota tena, shuleni nilikalishwa dawati la peke yangu kwa sababu walisema nitawaambukiza. Hata na Wangui nililala na soksi. Basi nikamwambia Nyongesa nina haraka, nikaenda, na alipopiga simu nikasema ati nimehamishwa, nimerudi Kitale. Amepiga tena mara mbili na sijashika. Sasa nikienda kazi nazunguka njia ya nyuma asinione, na jioni nakaa tu. Je, kuna kiatu cha bei ya chini kinachofaa, ama ninyanyue na soksi, ama niache kabisa?

Muturi, Kanduyi

Muturi, pole. Pole kwa vidole, na pole zaidi kwa lile dawati. Makovu ya funza hayaambukizi mtu, na kosa lilikuwa la sakafu, si lako.

Ya viatu ni rahisi. Soksi hapana, utateleza kwenye simiti uvunjike. Rudi sokoni utafute raba za kamba zenye soli bapa, zile za kitambaa kigumu wanafunzi huvaa siku ya michezo. Ukijua kubishana hazitazidi sana bei ya kilo ya nyama. Bonyeza soli kwa kidole gumba pale kisigino. Ikizama kama mkate, rudisha. Kisha vaa, funga kamba, uchuchumae hapo hapo mbele ya muuzaji, acha acheke. Kisigino kisiinuke, mguu usiogelee ndani, na kwa sababu ya vidole vyako chagua zilizo pana mbele. Vile viatu maalumu vyenye kisigino kigumu kilichoinuka ni ghali na wewe bado unajifunza, kwa hivyo achana navyo. Zile laini utatembelea.

Sasa nikugombeze kidogo. Ungemwambia Nyongesa siku ile, "Naomba nivae raba bapa," mambo yangeisha. Hakuna jimu ya kumfukuza mtu kwa kuvaa viatu. Lakini wewe bwana ukajihamisha mji mzima! Unapita njia za nyuma kama mtu anayetafutwa na askari, na hujaiba hata kuku. Ulimficha Wangui miguu, sijui ulimficha nini kingine, na sasa umemficha huyu hata mahali unapoishi. Vidole ni vyako, si lazima umwonyeshe mtu yeyote mpaka utake. Ila kusema kuna kitu unaonea haya, hilo unaweza, na mdomo haujaliwa na funza.

Tena nakuuliza, mtu akiambiwa umehama, anakupigia simu tena ya nini? Si msaada alitaka, maana huwezi kuwa Kitale na ukamsaidia kubeba vyuma Kanduyi. Hakudai kitu. Alitaka kujua ulifika salama, na wewe ukaiacha simu ilie huku umekaa peke yako ukilia upweke.

Kwa hivyo usianze na soko. Anza na simu, leo hii ukitoka stoo. Mwambie, "Sijahama. Nilikudanganya kwa sababu niliona haya." Kisha nyamaza umwache aongee. Viatu vya Chwele vitakuwepo hata mwezi ujao. Nyongesa hataendelea kukupigia simu hadi mwezi ujao.

Mama Bilha