Mkono Mmoja Chini

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua. Mama hajambo. Analalamika kutwa kwamba daktari amemkataza chumvi, na ukisikia mama analalamika ujue amepona. Mimi nasukuma siku. Najua uliapa hutaikanyaga tena ile barabara ya shuleni, wala hutaki kusikia habari zake. Lakini barua hii ni ya barabara hiyo hiyo, na nakusihi usiitupe kabla hujafika mwisho.

Haiko tena kama ulivyoiacha. Njia nne za magari zimebaki mbili. Huku na huku wamejenga njia ya watembea kwa miguu, pana kiasi kwamba akina mama wawili wenye vikapu hupishana bila kugusana. Kisha inafuata njia ya baiskeli, na ukingo wa zege ili gari lisijifanye limekosea njia. Rangi yote tumepaka sisi, kikosi chetu. Hata kivuko cha pundamilia mbele ya shule, pale pale gari lilipomgonga mwanao Chiriku akatutoka, mistari yake ni ya mkono wangu. Nilipaka huku nalia, nikawadanganya wenzangu kwamba ni harufu ya rangi.

Mwanzoni tulisifiwa sana. Baadaye mhandisi wetu, mama mmoja asiyecheka ovyo, akaanza kulalamika kwamba watu wanavuka polepole mno pale shuleni, mpaka taa inabadilika wakiwa katikati. Msimamizi wa kikosi alisema ni uvivu tu, watu wamepewa barabara sasa wanatembea mwendo wa bibi harusi. Mhandisi akamjibu kwamba wavivu hawafanani kiasi hicho. Akatuita ofisini kwake tutazame picha za kamera.

Dada, sikia nilichokiona. Kila taa ilipowaka kijani, mtu mmoja kati ya wanaovuka alipunguza hatua na kuteremsha mkono, vidole vimekunjwa kidogo, na wa nyuma yake wakapunguza mwendo pia. Mara ni mchukuzi mwenye kreti kichwani, akilishikilia kwa mkono mmoja. Mara ni askari. Mara ni mwendesha baiskeli, kashuka kama inavyotakiwa, anaisukuma kwa mkono mmoja na ule wa pili unaning'inia mtupu. Kila safari alikuwa mmoja tu, hawakuwa wawili hata mara moja. Nao mkono waliushusha kimo kile kile.

Tulimtafuta yule mchukuzi, tukamuuliza. Alishangaa, akasema hajui tunaongea nini, labda mkono ulichoka. Msimamizi, na mdomo wake wote ule, aliaga akasema anakwenda kununua sigara, naye havuti. Mhandisi hakutafuta sababu. Aliongeza muda wa taa ya kijani, ukawa wa kumtosha mtoto mdogo, akafunga kompyuta yake akaenda nyumbani.

Mimi sikuweza kuliacha lipite. Alasiri moja, wanafunzi walipokwisha kutawanyika, nilivuka. Nilipofika kwenye mistari ya kati nikashikwa vidole viwili, viwili tu, kama Chiriku alivyozoea kutushika. Kimkono kilikuwa baridi na chenye majimaji, kama cha mtoto aliyetoka kunawa. Nilikikaza kwa nguvu zangu zote, na unaijua mikono hii inavyobeba ndoo za rangi. Kikachomoka kama sabuni. Nikabaki nimesimama, madereva wananipigia honi, nami natokwa na machozi. Dada, hukumwachia. Miaka yote hii unajihukumu kwamba ulimwachia, na shemeji ameshindwa kukutoa neno hilo mdomoni. Hakuna ambaye angeweza kumshika siku ile. Aliuchomoa mwenyewe.

Ningependa kuishia hapo, lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Jana nilirudi. Aliponishika nikamwita Chiriku, nikamwambia mama yake hana hasira naye, twende nyumbani. Safari hii hakuchomoka. Tulimaliza kuvuka, tukafuata ile njia mpya ya watembea kwa miguu mpaka mlangoni kwetu. Mama alikuwa kwenye benchi anachambua mboga. Aliutazama mkono wangu, akasogea kutoa nafasi ya watu wawili.

Leo mhandisi amenipigia simu kwamba pale shuleni watu wanavuka kawaida, hakuna anayeshusha mkono. Amefurahi, anataka kuupunguza tena muda wa taa. Nimemjibu sawa.

Niwie radhi kwa mwandiko huu mbaya. Nimeandika kwa mkono wa kushoto, maana mkono wa kulia haujaachiwa tangu jana. Hanisumbui. Ila kila honi ikilia huko nje anaruka na kunivuta kuelekea mlangoni, na naona nguvu zinamwongezeka. Anamtaka mama yake, si mimi, dada, na naogopa sitamweza. Njoo. Hata kama goti linauma, njoo upesi, umpe mkono wako.

Msalimie sana shemeji. Hapa nyumbani sote tunakusalimu, sote watatu.

Mdogo wako,
mpaka rangi