Sabdio, Uliyesikiliza Kisa cha Ngamia

Mwaka umetimia, dada Sabdio, tangu maradhi ya siku chache yakuchukue ukiwa na miaka ishirini na minne. Hapa nyumbani Bulla Pesa, Mama bado huita jina lako kabla ya kukumbuka langu, nami huitika.

Familia imeniachia kuandika haya mimi, Dahir, kitinda mimba, kwa sharti kwamba nisilete mzaha. Nimekubali kwa uso mzito.

Ulipokuwa chuoni ulijitolea kupokea simu za wanafunzi wenye mzigo moyoni. Kazi yenyewe ilikuwa kunyamaza na kusikiliza, ufundi ambao ukoo wetu haukuwa nao. Ukaja nao nyumbani. Sisi tukiulizwa "nagaa?" hujibu "nagaa", amani, hata kama mbuzi wote wamekufa. Wewe ulingoja baada ya jibu hilo. Ndivyo Nyanya alivyokuambia kwamba macho yake hayaoni tena, jambo alilotuficha sote tangu Ramadhani. Na ulipoanza kufundisha kijijini Rapsu, akina mama walikuja kuulizia masomo ya watoto wakakaa mpaka adhana ya alasiri.

Sasa nakiri. Nikiwa kidato cha pili nilipiga ile namba yenu, kwa simu niliyoingiza shuleni ndani ya mkate. Nilikaza sauti, nikajiita Mamo, mwanachuo, nikalalamika kwamba ngamia wangu amekula kadi yangu ya mtihani. Nia yangu ilikuwa ucheke, nije nikutanie likizo nzima.

Hukucheka. Uliuliza, "Na sasa, Mamo, uko na nani hapo?"

Nilikuwa nimeandaa jibu, kwamba niko na ngamia. Nikajikuta nasema sina mtu. Nikakueleza kwamba mimi ndiye niliyefungia mbuzi ndani ya ofisi ya walimu, kwamba rafiki yangu Dima ndiye aliyerudishwa nyumbani kwa kosa hilo, na kwamba tangu siku hiyo hakuna anayeketi nami mezani.

"Endelea, Mamo. Nipo."

Hukuniambia la kufanya. Kesho yake nilijipeleka kwa Mwalimu Marete. Dima aliitwa arudi, nami nikalima shamba la shule mwezi mzima.

Likizo ilipofika nilikuchunguza uso. Hukuuliza kitu, hukudokeza kitu. Tangu tukuzike, hilo ndilo lililoninyima raha: sikujua kama ulitambua kuwa ni mimi.

Muhula huu shule imeanzisha dawati la kusikilizana, nikaomba kuhudumu. Mwalimu Marete aliniangalia sana. "Wewe, Dahir? Watu watakuletea siri ama watakimbia?" Akanikubali kwa majaribio.

Wa kwanza kuja alikuwa wa kidato cha kwanza. Alisema ameleta shida ya binamu yake, anayelia kila siku akitoka darasani. Nilijua kabla hajamaliza. Nikamuuliza binamu anaitwa nani. Akafikiri kidogo, akabuni jina, nami nikalitumia kwa heshima hadi mwisho.

Hapo ndipo nilipopata jibu langu, dada. Ulinijua tangu neno la kwanza.

Unakumbukwa na baba yako Tadicha, mama yako Tuye, nyanya yako Qabale, na mimi mdogo wako. Mwenyezi Mungu akurehemu. Hatutachoka kukukumbuka.