Bisheni Hodi Mlangoni kwa Rhona

Mwaka umetimia, Rhona, tangu asubuhi ile ya Oktoba ulipoliegesha basi la shule mbele ya lango, ukavuta breki ya mkono, ukawaambia watoto washuke taratibu, kisha ukauinamia usukani usiinuke tena. Daktari alisema ni mshipa wa kichwani. Watoto wote walikuwa wameshashuka. Baba yako hulirudia jambo hilo moja kila anapokosa usingizi: ulihakikisha kwanza wameshuka.

Ulikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja.

Kila mtoto wa mji wetu wa Kilbrannoch na wa mashamba ya juu ulimjua kwa kiti chake. Binti wa Drummond, ambaye mama yake alikamua ng'ombe peke yake, alichelewa karibu kila siku, na kila siku ulimsubiri injini ikinguruma. Waliokuwa na haraka uliwaambia kwamba shule haina miguu, haitakimbia. Kikombe chako cha chai kilipoa juu ya dashibodi, ukakinywa hivyo hivyo, ukalalamika kwamba kimepoa.

Sasa Oktoba imerudi, na Halloween, usiku wa mizuka mwishoni mwa mwezi huu, ilikuwa sikukuu yako. Krismasi uliipokea kama watu wengine wanavyoipokea. Halloween uliingoja.

Ulipokuwa mdogo, mama yako alikuwa zamu ya jioni kwenye kiwanda cha sufu, kwa hiyo baba yako ndiye aliyepika, kisha akakimbilia darasa la jioni na vitabu kwapani. Uji wake uliungua. Viazi vyake vilikuwa vibichi katikati. Jioni ya Halloween peke yake ndiyo iliyomfanya akose darasa. Mlikaa pamoja kwenye ngazi za nyuma mkichimba kwa kijiko tanipu, ule mzizi wa mviringo, iwe taa yenye uso, na tanipu ya shambani ni ngumu kama gogo, si kama maboga laini wanayonunua watu siku hizi. Vijiko vya mama yako vilipinda, na hadi leo tunanywea supu vivyo hivyo vilivyopinda. Mshumaa ulipowashwa ndani ya tanipu, ile harufu ya kuungua ilijaa nyumba nzima, nawe ukasema hiyo ndiyo harufu ya Halloween.

Kisha mlitoka, wewe umejipaka masizi usoni, umevaa koti la baba yako limegeuzwa ndani nje. Huku kwetu mtoto hapewi kitu kwa kubisha hodi tu. Lazima atumbuize kwanza: aimbe, akariri shairi, au aseme kichekesho. Ndipo apewe njugu na tufaha. Wewe ulikuwa na kichekesho kimoja, na ulikisema kwenye kila mlango, mwaka hadi mwaka.

"Mzuka aliingia jikoni kwetu, akatoka mbio. Kwa nini?"

"Haya, Rhona, kwa nini?"

"Alimkuta baba anapika."

Mtaa mzima ulicheka, na baba yako amesimama nyuma yako ameshika taa, akijifanya hakusikia. Marehemu mzee Baillie alikuwa akimwuliza kila siku ya soko kama mizuka wamesharudi. Iliuma kidogo, maana baba yako ni mtu wa fahari. Lakini hakukuomba hata mara moja utafute kichekesho kingine.

Ulipopata watoto wako mwenyewe, maboga ulikataa yasiingie nyumbani. Mumeo Callum alileta moja kutoka dukani, likaishia kuwa supu. Ulimwambia kwamba kitu kinachochongeka kabla chai haijapoa hakiwezi kumtisha mzuka yeyote. Uliwaninginizia Ailsa na Fergus mikate yenye molasi, ile asali nyeusi ya miwa, kwenye kamba jikoni, waile bila kutumia mikono, wakatoka na nyuso nyeusi hadi masikioni, nawe ukala kuwashinda. Na kile kichekesho uliwarithisha kama kilivyo, isipokuwa baba aligeuka kuwa babu. Siku ulizochelewa kazini bado yeye ndiye aliyepika, na bado aliunguza.

Mwaka jana Halloween ilitukuta hatujakuzika. Tanipu yako ilikuwa mezani, imechimbwa nusu, kijiko kimesimama ndani yake. Hakuna aliyeweza kukichomoa. Jioni tuliwasikia watoto wa mtaa wanakuja wakiimba. Walipofika kwenye uzio wetu wakanyamaza, wakavuka barabara, wakaanza tena kuimba walipokwisha kutupita. Walifanya hivyo kwa heshima, kama wazazi wao walivyowaagiza. Fergus alikuwa dirishani, amevaa mabawa ya popo uliyomshonea.

"Babu, wanatuogopa sisi?"

Baba yako, mwenye cheti ukutani na kamusi rafuni, alimvua mabawa taratibu.

Wiki iliyopita mjane wa Baillie alimshika mama yako mkono dukani, akamwambia, "Usihangaike, Netta mwenzangu. Mwaka huu pia tumewaambia watoto wapite mbali, mpate kupumzika." Ni mwanamke mwema, na mama yako alimshukuru. Lakini alipotusimulia nyumbani, Ailsa alisema kwamba basi naye haendi popote. Callum alimwuliza sababu.

"Watatupatia njugu kabla hatujaimba," alisema.

Hakuna aliyembishia. Mtoto wako ana miaka kumi, Rhona, na ameshajua kwamba njugu ya kuhurumiwa haina ladha.

Kwa hiyo maneno yanayofuata ni kwa majirani wanaosoma tangazo hili. Wewe sikiliza tu.

Majirani zetu, mlitufariji, na hatujasahau. Sasa tunawaomba jambo jingine. Binti wa Drummond ametuletea tanipu kutoka shambani kwao, kubwa kuliko kichwa cha Fergus. Imeshachimbwa, na kijiko kingine kimepinda. Jioni ya Halloween itawaka dirishani petu. Watoto wenu wasivuke barabara. Waje wakiimba, wabishe hodi kwa nguvu, na asiyetumbuiza ataondoka mikono mitupu, kama Rhona alivyotaka. Nao wetu watakapofika kwenu, tafadhali msiwape hata njugu moja kabla hawajatumbuiza. Mkitaka kulia, lieni mlango ukishafungwa.

Ailsa amekubali kwa sharti hilo, na ataimba. Fergus atasema kichekesho. Alikifanyia mazoezi jana wakati wa chakula, babu yake akiwa jikoni na mwiko mkononi. Tunakiandika hapa kwa ajili ya mama yake, kwa hiyo ninyi wengine mtakapokisikia mlangoni, mjifanye hamkukisoma hapa.

"Mzuka aliingia jikoni kwetu, akamkuta babu anapika. Hakukimbia. Alivuta kiti, akala. Kwa nini?"

Tulimwuliza kwa nini.

"Alikuwa mama. Ameshazoea."

Mama yako, Rhona, alicheka wa kwanza, kisha Callum, kisha Ailsa, ambaye hatukuwa tumemsikia akicheka tangu masika. Baba yako aliligeukia jiko akasimama hapo, mwiko mkononi, asikoroge. Supu ikaungua.

Unakumbukwa na mumeo Callum. Na wanao, Ailsa na Fergus. Na mama yako, Netta. Na baba yako, Dougal Geddes. Na watoto wa basi, wadogo na waliokwisha kuwa wakubwa.

Hatutakusahau maisha yetu yote, Rhona. Jioni ya Halloween tutakuwekea kiti.