Chemsha Bongo ya Bi Thora na Kitanda Kifupi

Kwa Bi Thora Flett,
Barabara ya Bandarini,
Skarvoe, Visiwa vya Orkney, Uskoti.

Jumapili, 16 Novemba 1986

Mpendwa dada Doreen,

Pokea salamu zangu kutoka huku upepo unakozaliwa. Hujambo? Shemeji Stanley hajambo, na goti lake limetulia? Na mpwa wangu Lorna bado yuko na yule kijana wa gereji, au ameshapata akili? Mimi ni mzima, kama mtu wa umri wangu anayebeba mawe bandarini tangu asubuhi anavyoweza kuitwa mzima. Mgongo unauma unapojisikia, na vidole vya mkono wa kushoto haviamki mpaka nivitie kwenye maji ya moto. Tuyaache hayo.

Ukuta wa bandari bado haujaisha. Kila tukimwaga zege, bahari inakuja kukagua, na mara nyingi hairidhiki. Upepo haupumziki hata Jumapili. Koti langu la mvua linakubali maji yaingie ila halikubali yatoke. Majuzi shakwe alininyang'anya mkate wangu wa nyama, tena si chini, mkononi, akaumeza wote huku ananitazama usoni. Na Cyril Pugh, yule Mwelshi mwenzangu wa kazi, ndiye anayechemsha chai, chai nyepesi mpaka unaona kitako cha kikombe.

Kwa Bi Thora, mjane mwenye nyumba ninakopanga, chakula kipo na moto upo, sikatai. Lakini uji wa asubuhi anautia chumvi. Mwaka na nusu namwambia kwamba kwetu Oldham uji ni sukari, naye ananitazama kama niliyeomba autie mchanga. Paka wake analala ndani ya buti zangu. Halafu kitanda, dada! Kilikuwa cha marehemu mama yake, ambaye nadhani alikuwa na kimo cha ndoo. Tangu nimefika hapa nalala miguu ikiwa nje kama nguo zilizoanikwa, na ndiyo inayotangulia kuganda.

Haya. Barua yako niliipata. Unasema chumba cha nyuma mmeshakipaka rangi, kwamba mama amefariki na kati ya watoto wake wanne tumebaki wawili tu, na kwamba nihamie Kanada moja kwa moja kabla ya Krismasi. Nikisema ndiyo tu, unakata tikiti. Siku ile niliikunja barua nikaiweka chini ya mto. Kesho yake nikaanza kuandika ndiyo. Jibu lenyewe limo humu humu, ila nivumilie kidogo, maana jana yametokea mambo ambayo mpaka sasa yananiudhi.

Kabla ya kukujibu wewe niliona ni adabu niwaambie watu wa hapa. Jumatatu asubuhi nikasema, "Bi Thora, dada yangu ananiita Kanada nikaishi naye. Nadhani nitaenda."

Aliendelea kukoroga. "Uji unapoa," akasema.

Basi, ndiyo hayo tu! Nikaenda bandarini nikamwambia Tam Linklater, seremala wetu, mzaliwa wa hapa hapa. Akaitazama bahari muda mrefu, nikadhani sasa atasema neno la maana. "Kanada kuna baridi," akasema. Mtu wa Orkney ndiye anayenionya habari za baridi! Cyril ndiye angalau aliyeuliza swali. "Kaka, ukiondoka, lile koleo lako lenye mpini mzuri, nalirithi mimi?"

Sikutaka walie, dada. Lakini nimekula mezani kwa yule mama mwaka na nusu. Nimefukua mifereji na Tam mpaka tumetoka malengelenge ya kufanana. Mbwa wa posta akihama hapa, watu wataulizana wiki nzima amekwenda wapi. Mimi, hakuna hata mmoja aliyesema, Enoch, kaa. Nikajisemea, vizuri, sasa najua thamani yangu. Wiki nzima nilikuwa na hasira, na kila mtu akajifanya haoni.

Ijumaa mbao zangu zikapotea. Zile ninazosimamishia zege lisimwagike, nzuri, nimezitia alama ya chaki mwenyewe. Nilizitafuta mpaka nikawatukana kondoo. Jumamosi asubuhi Tam naye akapotea. Alisema jino linamuuma, akaondoka ameshika shavu, na mimi nikabaki nabeba sehemu yangu na yake kwenye mvua, ndani ya koti lile.

Jana alasiri ilikuwa siku ya chemsha bongo kwenye baa. Unaikumbuka ile ya baba klabuni. Huku ni vilevile: kila meza ni timu, zawadi ni sinia la nyama la bucha, na raundi ya mwisho ni ile ambayo majibu yote yameungwa na uzi mmoja uliofichwa. Ukiukamata uzi unapata pointi za ziada. Maswali anayatunga Bi Thora mwenyewe, anayasoma amesimama kwenye kreti ya bia amevaa miwani ya kusomea, na hakuna anayethubutu kumbishia, hata mchungaji.

Meza yetu ni mimi, Cyril na Tam. Tam aliingia amechelewa, sweta lake limejaa unga wa mbao.

"Daktari wako wa meno anatumia msumeno siku hizi?" nikamuuliza.

"Lilikuwa jino sugu, mzee," akasema, akajificha nyuma ya glasi yake.

Sikufikiri zaidi. Ukishakasirika vya kutosha, huoni kitu kilicho mbele ya pua yako.

Mpaka raundi ya mwisho tulikuwa sawasawa na meza ya Foubister, muoka mikate. Kila timu ina kadi moja ya jokari. Ukiiweka mezani kabla ya raundi, pointi zako zinakuwa mara mbili, na ukiukosa uzi, raundi nzima inafutwa. Cyril akasema tusubiri mwezi ujao. Nikamwambia mwezi ujao mimi sitakuwepo, na kwamba kama kuna kitu kimoja ninachokiweza duniani ni kuona mambo yanavyoungana. Nikaipiga kadi mezani ukumbi mzima usikie. Niliona Tam akifumba macho.

Bi Thora akaanza. Chakula gani cha asubuhi ambacho Mskoti hukitia chumvi na Mwingereza sukari? Uji, nikaandika. Ndege gani mwenye doa jekundu kwenye mdomo wa njano, kinda hulidonoa ili alishwe? Shakwe. Kitu gani hupimwa kwa namba za Beaufort? Upepo. Charles Macintosh wa Glasgow aliupa ulimwengu vazi gani? Koti la mvua. Kisiwa cha Man kina aina gani ya mnyama asiye na mkia? Paka. Nini kilimwagwa majini bandarini Boston mwaka 1773? Chai.

Wewe uliyesoma barua hii toka juu unacheka tayari, najua. Mimi sikuwa nimeisoma.

"Vitu vya Uskoti," nikasema.

"Chai ya Boston ni ya Uskoti?" akauliza Cyril.

"Basi wewe sema."

"Vitu vyenye maji maji."

"Paka ana maji maji?"

"Wa Bi Thora anayo. Nenda kamshike."

"Tam, wewe unasemaje?"

Tam alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Mimi sijui chochote," akasema, "na naomba nisiulizwe tena." Kwenye meza ya pili Foubister alikuwa ameshaandika jibu lake, kalamu ameiweka sikioni, anakunywa taratibu kama mtu aliye likizo. Hilo ndilo lililonimaliza. Nikaandika Vitu vya Uskoti kwa herufi kubwa, nikapigia mstari.

"Uzi," akasema Bi Thora, akirekebisha miwani, "ni mambo ambayo Enoch Kershaw ameyalalamikia tangu atie mguu kisiwani."

Dada, sijawahi kuchekwa namna ile, hata shuleni, na unajua shule na mimi tulivyokuwa. Foubister alikuwa amepata. Kila meza ilikuwa imepata, hata ile ya akina mama wa kanisani ambao hawajawahi kupata kitu. Na haikuishia hapo. Mtu kutoka nyuma akapaza sauti, "Mmesahau kengele ya kanisa!" Mwingine, "Na wale samaki wa Jumatano!" "Na mimi ninavyosukuma mkokoteni!" akasema Cyril, anafuta machozi, msaliti. "Na karani wa posta anavyojifunza zumari!" akasema karani wa posta mwenyewe. Kila mtu alikuwa na lake. Kumbe wamenisikiliza muda wote huo, nami nilidhani naongea na ukuta.

Nilitaka kutoka. Nilisimama kabisa. Lakini kuna kitu kilinikera kuliko kicheko, nacho ni kwamba hesabu yao haikuwa sahihi.

"Na kitanda je?" nikasema. "Kitanda nimekilalamikia kuliko vyote! Mbona hakipo?"

Kicheko kikakatika, sikujua kwa nini. Tam akachungulia ndani ya glasi kana kwamba kumezama mtu. Bi Thora akavua miwani.

"Kitanda hakimo," akasema.

"Lakini kila siku nakisema!"

"Nimesema hakimo, Enoch. Kaa unywe."

Nyama akapewa Foubister. Sisi tulikuwa wa mwisho, kwa sababu ya ile kadi, na Cyril amenikumbusha hilo mara nyingi kuliko inavyohitajika. Nikarudi nyumbani kabla ya chakula cha jioni, sijamuaga mtu, nikapanda juu kuvua buti.

Mlango wa chumba changu, unaofungukia nje, ulikuwa wazi. Kitu kilikuwa kimetokeza kizingitini. Nikapenya kwa ubavu, nikawasha taa.

Kitanda kilikuwa kirefu. Ubao wa miguuni ulikuwa umekatwa, na mbele yake kimeongezwa kipande kipya, kimepigiliwa imara, na miguu yake miwili mipya. Mbao zilikuwa zangu, dada! Zile zile za Ijumaa, na alama yangu ya chaki ubavuni. Juu yake kulikuwa na kigodoro kidogo cha kuunganisha, kimejazwa sufu ya kondoo na kushonwa kwa mkono, na blanketi la kufuma lililoongezewa mistari ya rangi nyingine ili lifike. Blanketi la namna ile halifumwi kwa siku moja. Nikakumbuka kwamba wiki nzima hii, nilipokuwa nakula kwa hasira bila kumtazama, yule mama alikuwa akifuma upande wa pili wa meza.

Nilikaa pale ukingoni kidogo. Halafu nikajilaza na buti zangu, nikanyoosha miguu. Ikafika. Yote, mpaka visigino.

Niliposhuka jikoni Bi Thora alikuwa amerudi, anamenya viazi, amenipa mgongo. Nilikuwa na maneno mengi, ila unajua maneno yanavyonifanyia. Nikasema, "Mlango sasa haufungiki. Kitanda kinauzuia."

Kisu kikasimama kidogo, kikaendelea.

"Tam anaweza kuupunguza mlango," akasema. "Lakini mpaka Jumanne ijayo. Sasa sijui kama Jumanne utakuwa bado upo, au utakuwa unafunga mizigo."

Hakugeuka. Watu wa hapa, dada, wanaweza kukutungia maswali, kukufanya uchekwe na kijiji kizima, kukuibia mbao na kukusingizia jino, ili mradi tu wasilazimike kusema neno moja fupi ambalo mtoto yeyote angelisema. Ni watu wa kuchosha sana.

"Nitakuwepo," nikasema.

"Vizuri," akasema. "Kula ni saa kumi na mbili. Ni samaki."

Kwa hiyo Doreen, tikiti usikate. Ile karatasi niliyoanza kukuandikia "ndiyo" nimeitumia kuwashia moto leo asubuhi. Usidhani sikutamani kuwa karibu nawe, na usidhani nimekisahau chumba ulichonipakia rangi. Kuishi wawili tu wa tumbo moja, kila mmoja upande wake wa bahari, si jambo dogo, na najua nakuumiza. Lakini sijawahi kulala mahali palipopimwa kwa urefu wangu, hata kwa mama tulilala wanne. Ukuta utachukua miaka miwili mingine. Njooni nyie kiangazi, wewe na Stanley. Bi Thora ana chumba kingine, na kitanda cha humo nimekikagua, ni kifupi vilevile, lakini Stanley si mrefu.

Nisalimie shemeji Stanley, na Lorna, na huyo wa gereji kama bado yupo. Mpe shangazi Hilda salamu zangu mkimwandikia Toronto, umwambie bado navaa soksi zake. Tam na Cyril wanakusalimu, ingawa hawakujui, na Bi Thora anasema chumba cha wageni kitafagiliwa.

Mungu awape majira mepesi ya baridi, paa lisilovuja na usingizi mzito, na atukutanishe tukiwa bado na meno ya kutafunia.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, ninayelala mlango wazi mpaka Jumanne, na upepo wote unaingia,

Enoch