Chai ya Nyuma ya Pazia

Gitega, Kigali
20 Novemba 1991

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na yule paka wako mwizi bado yupo? Mimi mzima, ila baridi ya asubuhi ya huku inaniingia hadi kwenye magego.

Nimefungua mgahawa, Shangazi! Jumatatu. Nimefanya yote uliyonifundisha. Ukuta nimeupaka chokaa, udi nimefukiza, na lile pazia la maua ulilonipa nimegawia chumba: jiko na masizi yake nyuma, wateja mbele. Chai nimeitia iliki, tangawizi na mdalasini mpaka mtaa mzima unanukia. Kila kikombe natoka nacho kimefunikwa kisosi, nainama kidogo, nakiweka kwa mkono wa kulia. Na siku ya kwanza chai ilikuwa ya bure, kama ulivyofanya wewe ulipofungua hapo Ujiji.

Watu walijaa. Wakasalimia vizuri, wakakaa, wakalisifu pazia, kisha wakaaga mmoja mmoja. Nilipokwenda kukusanya vikombe, masikini mimi, karibu vyote vimejaa! Wamefunua, wameangalia, wamefunika tena. Chai ya bure, Shangazi, imewashinda nini?

Tafadhali Kaka Nasiri asijue. Unakumbuka alivyosema: kama mgahawa haujasimama hadi Idi, nirudi nikaolewe na yule mzee wa mawese. Talaka moja imenitosha. Wewe ndiye uliyenitetea mbele yake, basi nisaidie na kufikiri.

Mwanao,
Raihana


Ujiji
9 Desemba 1991

Mwanangu Raihana,

Marahaba. Mgongo ni ule ule na paka ni yule yule, jana kala dagaa wangu wa kesho. Nafurahi u mzima. Vaa sweta, usione haya.

Haya, sasa nieleze. Sukari ulitia, au ulitia chumvi kama siku ile ya wageni wa babako? Maji je? Maji mengine yana ladha ya kutu. Onja kule kule nyuma kabla hujatoka. Lakini nakuonya, usile wala usinywe kitu mbele ya mteja! Mwenye mgahawa anayetafuna mbele ya watu anaonekana ana njaa kuliko wao. Vaa ile kanga mpya, na cheka kidogo. Wewe ukinyamaza una uso wa mtu aliyefiwa.

Kama yote hayo yapo sawa, basi chagua mteja mmoja umtazame. Usimuulize kitu, mtazame tu anavyofanya hapo kwako na anavyofanya kwingine. Mimi nisingelala mpaka nijue.

Nasiri ameuliza habari zako. Nikamwambia watu wamejaa, na si uongo, si wewe mwenyewe umesema walijaa?

Shangazi yako


Gitega
2 Januari 1992

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na pole kwa dagaa. Mimi mzima wa mwili. Kanga nimevaa, nimecheka mpaka mashavu yanauma, na sukari ipo.

Nimemchagua Gasana, fundi viatu anayekaa ng'ambo ya njia, mkabala na mlango wangu. Kila asubuhi anakuja, anaagiza kikombe, analipa. Analipa, Shangazi! Anakikumbatia kwa viganja apate joto, tunaongea habari za mvua, chai inapoa, anashukuru, anarudi kwenye viatu vyake. Hajawahi kupiga hata funda moja. Jioni nikamwona kwa mama mwenye nyumba wangu, anaitwa Illuminée, anauza pombe ya mtama uani. Huko Gasana anakunywa kama ardhi ya kiangazi! Na huyo Illuminée, afadhali ungekuwepo umwone. Anachota mbele ya watu, anapiga funda yeye kwanza, ndipo anampa mteja kibuyu kile kile. Nikakumbuka maneno yako, nikasema moyoni, huyu naye hana adabu.

Nimemuuliza kuhusu chai yangu. Anasema, "Chai iko muzuri tu, mama." Nikamuuliza Gasana. "Iko muzuri sana." Adabu ya hapa ni ukuta, hupati pa kupenya. Tena vita viko kaskazini, kwenye vizuizi askari wanatazama kitambulisho changu mara mbili, na watu wanaongea kwa sauti ya chini. Nimebaki mgeni tu. Naona Idi inakuja na mimi sijajua hata kosa langu.

Mwanao,
Raihana


Ujiji
24 Januari 1992

Raihana,

Marahaba mwanangu. Barua yako imeniunguzia wali. Nilikuwa naisoma huku nakoroga, nikafika pale kwa Illuminée na funda lake, nikasahau kabisa kama kuna sufuria motoni.

Sikiliza. Bibi yako, mama yangu mimi na babako, alitoka huko huko Rwanda. Unalijua hilo, ila wewe hukumkuta. Kila jioni alikuwa akigawa maziwa. Kabla ya kumpa mtoto kikombe, anapiga funda yeye. Kila kikombe, kila mtoto, hata Nasiri alipokuwa mdogo alifanyiwa vile. Sisi tulimcheka! Tukamwita Mama Mlafi, naye akicheka na sisi. Hakueleza, na hakuna aliyemuuliza.

Sasa najiuliza leo, na nywele zangu nyeupe: mlafi gani yule, aliyekuwa akila ukoko ili sisi tushibe? Nenda kwa huyo mama. Habari ya chai iache. Muulize kwa nini anapiga funda kwanza. Halafu uniandikie upesi, maana nahisi nimekufundisha vibaya na roho inaniuma.

Shangazi yako


Gitega
18 Februari 1992

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo tena! Roho isikuume. Kaa kitako kwanza, na kama kuna sufuria motoni, epua.

Nilimuuliza. Illuminée akaniangalia, akaona kweli sijui, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema polepole: "Ni sumu, mama. Hapa mutu anaogopa sumu. Mwenye kukupa anakunywa kwanza, wewe unaona, roho inatulia. Sasa wewe unatoka nyuma ya pazia, kikombe umefunika, kinanukia kama dawa, sisi hatukujui, tena bure! Nani atakunywa?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizi. "Nitakufundisha aje, na wewe ni mutu mukubwa? Ungesema tunakuita mchawi." Akaniambia pia kwamba Gasana alikuwa akilipa kwa sababu ananionea huruma, eti mjane. Nikasema sikufiwa, niliachwa. Akasema, "Basi hiyo iko mubaya zaidi."

Siku hiyo hiyo nimeshusha pazia. Jiko nimelileta mbele na masizi yake yote, namimina watu wanaona. Nina kikombe changu kidogo, kimetundikwa kwenye msumari. Natoa kwenye birika lile lile, nakunywa mimi kwanza. Asubuhi ya kwanza nilipiga funda kubwa. Gasana akanitazama nikimeza. Akakichukua chake akanywa, akafumba macho, akasema, "Kumbe iko na tangawizi!" Miezi mitatu analipia chai, ndiyo kwanza anajua ina tangawizi! Nililia, akadhani ni moshi.

Sasa viti havitoshi. Ila Ramadhani imebaki wiki mbili. Nitaonjaje na nimefunga? Najua mpishi anaruhusiwa ncha ya ulimi kisha ateme. Lakini nikionja chai mbele ya mteja halafu nikaitema, Shangazi, si ndiyo nimefunga mgahawa kabisa? Na nikifunga milango mwezi mzima, Idi itafika Kaka aambiwe pamefungwa. Nifanye nini?

Mwanao,
Raihana


Gitega
22 Machi 1992

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini funga inakwenda salama na mgongo haukuonei. Jibu lako halijafika, labda limelala kwenye lori mahali, kwa hiyo nikaamua peke yangu. Nikafungua.

Wateja wangu wa siku zote hawakuwa na neno, wananijua. Lakini siku ile ya kwanza ya mfungo waliingia wanaume wawili wageni, wametoka Gitarama, vumbi hadi kwenye nyusi. Nikamimina mbele yao. Nikaweka. Nikasimama. Wakanitazama, nami nikawaambia nimefunga, sinywi hadi magharibi. Wakatazamana. Mmoja akakisogeza kikombe mbali kidogo kwa kidole, kwa adabu ile ile, na mimi nikaiona Novemba yote inarudi.

Gasana alikuwa kwenye viatu vyake, ng'ambo. Sijui aliona nini kutoka kule. Akaja na sindano yake ya kushonea bado mkononi. Hakuniuliza. Akatungua kile kikombe changu cha kwenye msumari, akamimina kwenye birika langu, akanywa chote kwa pupa mpaka akaungua ulimi. Akawaambia wale wageni kwa Kinyarwanda, na maneno machache hayo nilishayajua: "Huyu ni wetu."

Wakanywa. Wakaongeza na cha pili.

Tangu siku hiyo wamegawana zamu bila mimi kuomba. Asubuhi Gasana, mchana Illuminée, ambaye alikuwa anasema tangawizi inamkwaruza koo. Kikombe changu hakikai msumarini. Na jana magharibi Illuminée aliniletea uji wa kufuturia. Nilikuwa na kiu ya kufa, lakini nilingoja. Akapiga funda yeye, akanipa, nikafuturu.

Mwambie Kaka anavyotaka kuambiwa. Mimi sina cha kuongeza.

Mwanao,
Raihana


Ujiji
1 Aprili 1992

Mwanangu Raihana,

Marahaba. Mgongo umetulia. Paka amezaa, kumbe ni jike, sasa nina wezi watano.

Barua niliyokuandikia ilisema ufunge mgahawa mwezi mzima. Ikifika, washia jiko.

Jana Nasiri alikuja baada ya tarawehe, amekaza uso, na habari za mzee wa mawese mdomoni. Sikubishana naye. Nilichemsha maziwa, nikamimina mbele yake. Akanyoosha mkono. Nikapiga funda mimi kwanza, ndipo nikampa.

Akakitazama kikombe. Akaniuliza, "Shangazi, hii si ya Bibi?" Nikasema ndiyo, ni ya Bibi, na nikamsomea barua zako zote, hata ile iliyoniunguzia wali. Nilipofika kwa Gasana, akageuka akatazama mlangoni. Nilimwacha, mimi mwenyewe macho yalikuwa hayaoni mistari. Sote tulimwita yule mwanamke mlafi, Raihana, na yeye akicheka na sisi.

Kisha Nasiri akanywa maziwa yake hadi mwisho. Ameagiza nikununulie birika kubwa zaidi, litakuja na lori baada ya Idi. Yule mzee wa mawese hakumtaja tena.

Shangazi yako