Ungo Wako na Urani ya Rehema

Mpendwa mke wangu, Mama Rehema,

Ungo wako umeshushwa ukutani. Tangu tulipokuzika hapa Misigiri nilikataza mtu yeyote kuugusa. Jana binti yetu aliugusa bila ruhusa yangu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukipepeta uwele uani, nami nikisahihisha madaftari? Makapi yakinirukia ulisema, "Sogea, mwalimu, upepo hausikii amri yako." Nilihamisha kiti nikinung'unika.

Rehema amepata nafasi ng'ambo, kusomea namna urani inavyorutubishwa iwe fueli ya vinu vya nyuklia, vile vya kuzalisha umeme. Basi lake ni la leo, lakini hataki kuondoka bila idhini yangu. Nawe, kitandani hospitalini Kiomboi, ulinishika mkono ukasema, "Usimwache mtoto aende mbali." Niliitikia. Sasa nimebanwa pande zote mbili.

Jana alikaa mahali pako, akamimina uwele kwenye ungo.

"Baba, kilicho chepesi kinakwenda wapi?"

"Kinapeperuka. Ni makapi. Unaniuliza mambo ya darasa la kwanza?"

"Kwenye urani, chepesi ndicho kinachotafutwa, nacho ni kidogo mno. Urani hugeuzwa gesi, ikazungushwa kwa kasi kubwa ndani ya mitungi. Nzito husukumwa kwenye kuta za mtungi, nyepesi hubaki karibu na katikati. Mtungi mmoja hautoshi. Hupitishwa kwenye mingi, hadi nyepesi iongezeke kiasi cha kufaa kwenye kinu."

"Na ile nzito?"

"Hutengwa, baba. Huwekwa tu."

Jirani alichungulia juu ya ua. "Mwalimu, kumbe binti anakwenda kutengeneza bomu?"

Nilimjibu kwa ukali kwamba urani ya bomu hurutubishwa kupita mbali kiasi cha kinu, aende akachunge mbuzi wake. Nilishtuka kujisikia nikimtetea.

Nikimzuia Rehema, atanipikia kila siku na kunichukia kwa adabu. Nikimwachia, nitakuwa nimekudanganya wewe usiyeweza kunijibu. Mlango u wazi, nami sioni pa kutokea.

Niliweka kalamu chini kidogo. Alikuja na mkoba wake, akapiga goti, akasema "Shikamoo, baba," ingawa tulikwisha kuamkiana asubuhi. Nikamwambia, "Marahaba. Nenda, mwanangu."

Basi limekwisha kupita. Ungo nimeurudisha ukutani, nami nimeketi chini yake. Aliyevunja ahadi ni mimi. Siku tukionana, niulize mimi, usimuulize yeye.

Pumzika.

Mumeo,
Baba Rehema