Maiti Aliyeinuka Hewani

Los Angeles, 3 Machi 1987

Shikamoo mama,

Mguu unaendeleaje? Sisi huku wazima, ila joto.

Kampuni ninayofanyia kazi inatoa kanda za video za michezo ya zamani ya televisheni, ile iliyorushwa moja kwa moja. Watu wa rika lako wanaililia kweli. Wanautaka ule wa upelelezi aliocheza baba, na nakala pekee ni ule mkanda wa filamu ulio kabatini kwako. Nitumie, tafadhali. Usiwe na wasiwasi, ile sehemu ya aibu tutaikata.

Mwanao,
Russell

Utica, 11 Machi

Marahaba mwanangu,

Mguu unauma, lakini mdomo mzima.

Aibu ya nani? Emmett wangu, baba yako, aliigiza maiti pale zuliani. Taa nyekundu ya kamera, ile ya kuonyesha kwamba inarusha, ikazimika, akadhani wamehamia kwa mpelelezi, akainuka zake. Kumbe balbu tu imeungua! Nchi nzima ikamwona. Studio haikumwita tena, akaja kuuza viatu hapa, na wateja wakiingia, "Ee Maiti, nipe buti!" Alicheka nao mpaka mwisho wake. Ni wewe uliyetaniwa shuleni ukaapa hutautazama.

Enzi zile hapakuwa na kukatakata. Mtu akikosea, amekosea mbele ya wote, na mchezo unaendelea. Ndiyo maana mtaa mzima ulijazana sebuleni kwetu. Leo mnataka kutupaka poda? Thubutu! Mkanda nautuma, lakini mkimkata hata ukucha, Krismasi usije.

Mama yako

Utica, 9 Aprili

Russell,

Hujambo? Mbona kimya? Mmekata, sivyo? Sema basi, mimi si wa kuvunjika.

Mama

Los Angeles, 16 Aprili

Shikamoo mama,

Nisamehe. Mkataji mwenyewe ni mimi, na nilikuwa naogopa kuutazama. Juzi nikajikaza.

Baba kalala, mikono kifuani, damu bandia ya sharubati ya chokoleti shatini. Mara anainuka, anajipangusa suruali, anaiona kamera. Mama, hakukimbia! Alijilaza tena taratibu, akapanga mikono vizuri, akafa upya. Mbona hukuniambia hilo? Nilicheka mpaka wenzangu wakaja mlangoni, kisha nikalia mbele yao.

Nimeurudisha nyuma tena na tena. Tulimzika vuli iliyopita, udongo nikamtupia kwa mkono wangu. Lakini humu, kila nikiwasha mashine, anainuka.

Bosi akaingia. "Kata hapo."

"Sikati."

"Russell, usinichezee. Kata, au ondoka."

Nikikata, mama, baba atabaki amelala. Basi nimeondoka, na mkanda ninao.

Mwanao